Wapi pa kununua simbilisi Dar es Salaam: mwongozo kamili kwa anayeanza

Mtu akitaka simbilisi (guinea pig), swali lake la kwanza kwa muuzaji huwa ni bei. Mimi ningeanza na jingine: madume na majike yako yanakaa banda moja? Jike la simbilisi linaweza kushika mimba likiwa na umri wa wiki nne hivi, na dume nalo halichelewi, kwa hiyo mfugaji makini huwatenga watoto wakifikisha wiki tatu. Asiyetenga hajui anachokuuzia. Utapelekewa Sinza "madada wawili" kwenye boksi, na baada ya miezi miwili unakuta banda lina wanyama watano na mtoto wako anataka kuwapa wote majina.

Karibu kila ushauri nitakaoutoa hapa unatokana na swali hilo. Muuzaji anayetenga ndiye pia anayejua tarehe za kuzaliwa, mama yupi kazaa na nani, na nani aliwahi kuumwa. Mchague yeye kwanza, rangi ya mnyama itafuata.

Kuna wanaoanza kwa kutafuta hamsta au jebili, panya wadogo wa kufugwa, kwa sababu watoto wamewaona YouTube. Jebili wanaofugwa majumbani wana asili ya Mongolia, na kumwingiza mnyama yeyote nchini kunahitaji kibali cha Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Akitokea mtu mtaani akakuambia anaye "jebili", muulize kamtoa wapi. Wapo ndugu zake wa porini huku kwetu, na panya wa porini hubeba viroboto. Tauni iliyozuka Lushoto mwaka 1980 ilienezwa kwa njia hiyohiyo, viroboto wa panya. Panya aliyenaswa shambani si mnyama wa kumpa mtoto ambebe. Simbilisi anazaliwa na kukulia hapahapa nchini, nyanda za juu kusini wanamfuga miaka mingi kwa ajili ya kitoweo, na anaishi miaka mitano hadi minane. Huyo ndiye tutakayemzungumzia.

Kabla hujapiga simu yoyote

Amua idadi na jinsia leo, usiamulie mbele ya banda la mtu. Simbilisi ni mnyama wa kundi; mmoja peke yake hunyong'onyea. Chukua wawili: majike wawili, au madume wawili waliokulia pamoja tangu wadogo. Madume wawili wasiojuana ukiwaweka eneo dogo watatoana damu. Dume na jike ni kwa mtu aliyeamua kuzalisha, na hata huyo ajue kwamba jike ambalo halijawahi kuzaa likivuka miezi sita au saba, mifupa ya nyonga hukaza na uzazi wa kwanza unaweza kuliua. Ndiyo maana sishauri mtu anayeanza achukue jike kubwa lisilo na historia kisha alitafutie mume.

Halafu angalia joto la nyumba yako. Simbilisi asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini. Baridi kidogo anaivumilia, joto linamuua. Kuanzia nyuzi 27 huanza kuhangaika, na wewe unajua Dar ya Desemba hadi Machi ilivyo. Chumba chenye bati tupu bila dari saa nane mchana hakifai. Baraza lenye kivuli siku nzima na upepo linafaa, mradi paka wa jirani hafiki. Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba mapema. Wengine wakisikia neno "panya" tu wanakupa notisi, hata ukiwaeleza kwamba simbilisi hana mkia na hachimbi.

Banda lenyewe liwe tayari na sakafu ngumu. Wavu wa kuku ukiwa ndiyo sakafu huchubua nyayo, na vidonda vya nyayo ni kazi kuvitibu. Nafasi isipungue mita ya mraba moja kwa wawili. Ukimleta mnyama ndipo uanze kumtafuta fundi, atalala kwenye beseni wiki nzima.

Wauzaji wa Dar na tabia zao

*Mfugaji wa nyumbani.* Huyu ndiye ninayempendekeza kuliko wote. Wengi wako pembezoni ambako viwanja vina nafasi: Chanika, Kigamboni, Bunju, Kibamba, Goba. Mara nyingi ana sungura na kuku pia. Kumpata ni kwa kuulizia. Anzia duka la pembejeo na dawa za mifugo lililo karibu nawe, maana wauzaji wa pale wanawajua wateja wao na wanajua nani anafuga nini. Muulize na bwana mifugo wa kata. Faida ya mfugaji wa nyumbani ni kwamba unafika, unamwona mama, unaona chakula, unaona uchafu kama upo. Na wiki mbili baadaye unaweza kumpigia simu ukamwuliza jambo, naye akakujibu kwa sababu yuko palepale.

Hasara yake ni umbali, na kwamba wengine wanafuga kwa ajili ya nyama. Si jambo baya. Anayefuga kwa nyama huwatunza wanyama wake wanone. Lakini mara nyingi huchanganya madume na majike makusudi, kwa kuwa shabaha yake ni wingi. Mweleze kwamba unataka wa kufuga, na kwamba unahitaji wadogo waliotengwa. Akikubali kukutengea watoto wakifikisha wiki tatu, kisha akakuuzia wakiwa na wiki tano au sita, umepata mtu wa kufanya naye biashara.

*Sokoni.* Kariakoo na masoko mengine yenye upande wa kuku wa kienyeji, unaweza kumkuta simbilisi katikati ya matenga. Ni rahisi kufika na unachagua papo hapo. Tatizo liko kwenye tenga. Pale amekutana na wenzake kutoka nyumba tano tofauti, juu yake kuna kuku, pembeni kuna sungura. Sungura hubeba bakteria wa bordetela bila kuonyesha dalili yoyote, na bakteria haohao humletea simbilisi homa ya mapafu. Kwa hiyo mnyama uliyemwona mchangamfu saa tatu asubuhi anaweza kuanza kupiga chafya Jumatano. Muuzaji hatakuwa amekudanganya. Hata yeye hajui. Ukilazimika kununua sokoni, nenda asubuhi mapema siku mzigo unaposhushwa, kabla jua na kiu havijafanya kazi yao.

*Barabarani.* Kijana amesimama kwenye foleni, mkono mmoja kabeba sungura, mwingine kaning'iniza kizimba. Watoto kiti cha nyuma wanapiga kelele. Funga kioo. Nasema hivyo kwa huruma, si kwa dharau, lakini mnyama aliyepigwa jua na moshi tangu asubuhi ni mgonjwa hata kama bado hajalala ubavu, na ukimnunua kwa kumwonea huruma umelipia nafasi ya mwingine kesho. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na namna wanyama wanavyobebwa na kuuzwa ni jambo linaloihusu.

*Mtandaoni.* Hapa ndipo mawinga walipo. Winga hana simbilisi hata mmoja. Ana picha za mfugaji mwingine, anapandisha bei, ukikubali ndipo anakwenda kuutafuta mzigo. Wapo wafugaji wa kweli pia kwenye makundi ya WhatsApp na Instagram, na kuwatofautisha si kazi. Mwombe akupigie video sasa hivi, si aliyorekodi jana, na katikati ya maongezi mwambie amgeuze yule mwenye baka jeupe uone tumbo lake. Mfugaji atacheka na kumgeuza. Winga atakuambia mtandao unasumbua. Ukisikia "tuma nauli ya boda kwanza kwenye namba hii", huo ni utapeli uleule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" uliobadilishiwa kanzu. Hela itoke ukiwa umemshika mnyama.

*Kutoka mkoani.* Shangazi wa Njombe au rafiki wa Iringa atakuambia kwao wapo tele na bei ni ya chini. Ni kweli. Ila fikiria safari: kutwa nzima kwenye buti la basi, kisha kushushwa Mbezi Luis mchana, kutoka baridi ya Njombe hadi joto la Dar. Kama ni lazima, subiri Juni hadi Agosti ambapo Dar imepoa, apakiwe basi la usiku, abebwe ndani na mtu unayemjua, si kwenye buti. Wenye njia ya Morogoro wana nafasi nzuri zaidi: viwanja vya Nane Nane vya kanda ya mashariki viko huko, na mwanzoni mwa Agosti wafugaji wadogo kutoka Tanga, Pwani, Morogoro na Dar hukusanyika. Siku hizo usinunue mnyama aliyekaa maonyesho wiki nzima akishikwashikwa. Chukua namba ya simu, uende kwake baadaye.

*Anayehama.* Familia inarudi kwao, au mtoto kaenda bweni, na simbilisi wawili wanatafuta nyumba. Mara nyingi ni bure na banda juu. Hawa ni watu wazima, wamezoea kushikwa, na mwenye nyumba anajua kila kitu chao. Watu huwakwepa wakidhani wamezeeka, nami naona ndiyo bahati kubwa kuliko zote kwa anayeanza, hasa kama wana miaka miwili au mitatu tu.

Maswali ya kwenye simu

Usipoteze nauli ya kwenda Chanika kabla hujauliza. Watoto wamezaliwa lini? Mfugaji mzuri atataja tarehe au walau wiki. "Wadogo tu hao, bosi" si jibu. Ulimtenga mama lini na dume? Wanakula nini? Ukisikia pumba tupu, shaka. Ukisikia ukoka, majani ya matembele na hoho, huyo anajua kwamba simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini na lazima aipate kwenye chakula kila siku. Naruhusiwa kuja kuona banda? Hili ndilo la mwisho na ndilo zito. Anayetaka mkutane njia panda ya Mbezi au sheli fulani ana sababu ya kutokutaka uone kwake. Sababu inaweza kuwa ya kawaida, mwenye nyumba wake mkali, au mbwa. Hata hivyo mimi simfuati.

Ukifika bandani

Fika asubuhi, au jioni jua likipungua. Salimia, kaa, usikimbilie wanyama. Tumia pua kwanza. Banda la simbilisi lina harufu ya majani na mkojo kidogo. Ikikuchoma macho, hawasafishi, na mapafu ya wanyama hao yameanza kuharibika. Tazama maji: yapo? Yana rangi gani? Tazama kama madume kweli yako upande wao. Hapo swali letu la mwanzo linajibiwa kwa macho.

Kisha tazama kundi kabla hujagusa yeyote. Wazima hukimbia ukisogea, wakajificha pamoja, baadaye wanatoa pua. Anayebaki amejikunyata kona, manyoya yamesimama kama aliyelowa, huyo anaumwa, na waliolala naye wako njiani. Usichague mzima kutoka kundi lenye mgonjwa.

Omba uletewe mmojammoja. Macho yawe makavu na yang'ae, pua isiwe na ute, na upande wa ndani wa miguu ya mbele usiwe na manyoya yaliyogandana, kwa sababu hapo ndipo anapojifutia kamasi. Sogeza sikio karibu na mbavu: mlio wa kukoroma au kubofya ni kifua. Pasua manyoya kwa vidole mgongoni na nyuma ya masikio. Ukiona magamba, vipara vya mviringo au ngozi nyekundu, inaweza kuwa utitiri au mapunye, na mapunye yanahamia kwa watoto wako. Papasa chini ya taya na shingoni kutafuta uvimbe. Meno ya mbele yakutane sawasawa. Hayo hukua maisha yote, na yakipishana mnyama atakufa njaa mbele ya chakula. Geuza nyayo uzione. Vidole viwe vinne kila mguu wa mbele na vitatu nyuma, lakini akizidi kimoja si ugonjwa. Sehemu ya nyuma iwe kavu, bila kuharisha.

Jinsia usiikubali kwa maneno. Mshike kifuani kwa mkono mmoja, makalio yakae kwenye kiganja cha pili, mwinue kidogo tumbo likutazame. Jike utaona alama kama herufi Y. Kwa dume, bonyeza taratibu sana juu kidogo ya tundu la siri na uume utachomoza. Mwambie mfugaji akufanyie yeye mbele yako. Anayefuga kweli anafanya kwa sekunde chache huku anaongea. Akianza kubahatisha, "huyu nadhani jike", fahamu kwamba hata mgawanyo wa mabanda yake ni wa kubahatisha.

Umri nao una alama zake. Simbilisi huzaliwa na manyoya, macho wazi na meno, na kesho yake anatafuna majani, kwa hiyo wa siku tatu anaonekana kama "yuko tayari" na wapo wanaomuuza hivyo. Bado anahitaji maziwa ya mama wiki tatu. Aliyezaliwa jana ana gramu 100 hivi au pungufu, mkubwa hufika kati ya 700 na 1,200, ingawa wa kienyeji wengi ni wadogo kidogo. Ukiambiwa ana wiki sita na anakaa kwenye kiganja kama yai, ondoka.

Na kama jike ulilolipenda limevuka wiki nne na lilikuwa na madume? Bado unaweza kulichukua, ila lihesabu kuwa lina mimba. Mimba huchukua siku 59 hadi 72. Hesabu siku 72 tangu siku lilipotoka kwa madume. Zikipita bila kitu, umesalimika. Likizaa, watoto huwa wawili hadi wanne, na watoto wa kiume watenge wakifika wiki tatu, kwani mtoto anaweza kumpanda mama yake. Usirudishe dume karibu kwa kisingizio cha kuangalia watoto: jike hupata joto tena saa chache tu baada ya kuzaa.

Malipo

Bei ijadili kwa adabu, lakini usiikaze sana kwa mfugaji mzuri. Gharama ya simbilisi iko kwenye banda na majani ya kila siku, si kwenye siku ya kununua. Badala ya kupunguziwa, omba vitu viwili: mfuko wa chakula walichozoea, cha siku tatu au nne, na makubaliano kwamba ikigundulika jinsia si uliyoambiwa utarudisha ndani ya wiki. Yaandike kwenye ujumbe wa simu mkiwa palepale. Inatosha.

Kuwasafirisha

Boksi la katoni lenye matundu pembeni, chini majani makavu mengi, wote wawili ndani pamoja ili watulizane. Weka kipande cha tango au hoho badala ya maji yatakayomwagika. Bajaji ni bora kuliko daladala la saa kumi na mbili jioni, na bora kuliko bodaboda ambapo boksi hupigwa upepo na mitikisiko. Ukipita na gari, usiwaache ndani "dakika mbili" ukinunua mkate.

Wiki mbili za mwanzo

Siku ya kwanza na ya pili waache. Waweke majani, maji na kibanda cha kujificha, watoto watazame kwa mbali. Endelea na chakula cha mfugaji, ukichanganya chako taratibu. Sehemu kubwa iwe majani: ukoka mbichi au uliokaushwa kivulini, usiokatwa kando ya barabara ambako mbwa hukojoa na mitaro hufurika. Hoho kipande kila siku, pera kidogo, matembele. Majani ya mhogo mabichi, ya viazi mviringo, vitunguu na parachichi wasiyaone kabisa. Kama una simbilisi wengine, wapya wakae chumba tofauti siku 14, na wewe uwahudumie mwisho.

Daktari wa mifugo mtafute kabla hujamhitaji, na muulize wazi kama anatibu wanyama wadogo, maana wengi wamezoea ng'ombe, mbwa na kuku. Sababu ni moja kubwa: penisilini na amoksilini akinyweshwa simbilisi huua bakteria wazuri wa tumboni na kumuua yeye. Dawa ya kuku iliyobaki kabatini, wala ya binadamu, isimguse bila daktari kusema.

Wapime kwa mizani ya jikoni mara moja kwa wiki, uandike. Simbilisi huficha ugonjwa hadi siku za mwisho, na namba kwenye daftari hushuka kabla macho yako hayajaona kitu. Utumbo wake unatakiwa kuwa na majani muda wote, kwa hiyo mmoja akigoma kula kuanzia asubuhi hadi jioni, mpigie daktari jioni hiyohiyo.